Tahadhari kwa wanunuzi wa mijusi-ndevu: mnyama mnayeoneshwa pichani hauzwi

Ninaandika tahadhari hii kwa yeyote anayetafuta kununua mjusi-ndevu (kwa Kiingereza "bearded dragon"), mjusi anayefugwa majumbani, kwa njia ya mtandao, na hasa kwa wale ambao wamekwisha kuanza mazungumzo na muuzaji anayejitambulisha kuwa mzalishaji mdogo anayepunguza wanyama wake kwa sababu anahama nyumba. Baadhi ya picha anazotumia ni zangu. Jike mwenye rangi ya chungwa aliyepumzika juu ya gogo huku ameinua kichwa ni mnyama ninayemfuga mwenyewe na niliyeanza kumpiga picha tangu akiwa kinda; hayuko sokoni, wala sijapata kumtangaza popote. Picha nyingine katika tangazo hilohilo ni za wafugaji wengine ambao nimewasiliana nao, na hakuna hata mmoja wao anayemfahamu mtu huyo. Jina la akaunti silitaji kwa sababu hubadilika kila akaunti inapofungwa, ilhali picha na maneno ya tangazo hubaki yaleyale, na hayo ndiyo yatakayowasaidia kumtambua.

Utapeli wenyewe huenda hatua kwa hatua. Bei huwa nafuu, lakini si nafuu kiasi cha kumtia mtu shaka. Muuzaji hujibu upesi, kwa adabu, kisha huomba arubuni kwa maelezo kwamba yupo mteja mwingine anayemsubiri mnyama huyohuyo. Malipo hutakiwa yafanyike kwa njia ambayo fedha zikishatoka hazirudishiki: kadi za zawadi, sarafu za kidijitali, au kutuma moja kwa moja kwa jina la mtu ambaye si yule mnayezungumza naye. Baada ya hapo mnunuzi hupewa namba ya kufuatilia mzigo katika tovuti ya kampuni ya usafirishaji isiyojulikana na mtu, na kweli huuona mzigo huo "ukisafiri" kwenye kioo cha simu. Ndipo madai mapya huanza kuingia. Kwanza linahitajika kasha lenye joto, kisha bima ambayo eti itarejeshwa mnyama akishafika, kisha cheti cha chanjo, kisha gharama za karantini kwenye uwanja wa ndege. Anayesita hutishiwa kwamba atashtakiwa kwa kumtelekeza mnyama. Kila dai hupimwa kwa ustadi liwe dogo kuliko fedha ambazo mnunuzi amekwisha kuzitoa, ili aone hasara zaidi kuacha kuliko kuongeza.

Dai la cheti cha chanjo peke yake linatosha kuyakata mazungumzo. Mijusi-ndevu hawana chanjo ya kawaida ambayo daktari wa mifugo huwachanja. Anachofanya daktari ni kumpima uzito, kumchunguza kinywa na ngozi, kupima kinyesi ili kuona kama kuna koksidia (vimelea vidogo vya utumbo) au minyoo, na pale inapobidi kuchukua sampuli kwa ajili ya kipimo cha PCR, yaani kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba, cha virusi vya adeno, ambavyo huwaathiri sana makinda wa jamii hii. Muuzaji anayewajua wanyama hawa huzungumzia vipimo hivyo, hazungumzii chanjo. Yapo maeneo ambako sheria inadai kibali au cheti cha afya, lakini nyaraka hizo huombwa kabla ya safari katika mamlaka inayojulikana, na hazizuki katikati ya njia kwa ujumbe wa simu.

Baadhi ya wanunuzi wameambiwa kwamba wanyama hao ni "damu mpya" iliyotoka Australia moja kwa moja. Ni kweli kwamba asili ya mjusi huyu, ambaye jina lake la kisayansi ni Pogona vitticeps, ni maeneo makavu ya ndani ya Australia, ya mashariki na ya kati. Lakini Australia hairuhusu usafirishaji wa kibiashara wa wanyama-pori hai wa asili ya nchi hiyo wa jamii ya reptilia kwa ajili ya kufugwa majumbani, na sheria inayosimamia jambo hilo leo ni ile ya mwaka 1999 ya ulinzi wa mazingira na uhifadhi wa bayoanuwai. Mijusi-ndevu wanaouzwa kihalali katika nchi nyingine ni wazao wa wanyama waliozaliwa vizimbani kwa vizazi vingi. Kwa hiyo mwenye kudai kuwa mzigo wake umetoka huko ama anadanganya ama anakiri magendo, na mnunuzi hana haja ya kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Sasa nije kwenye picha, maana humo ndimo uongo huu unamoonekana vizuri zaidi, na nasema hivyo kwa sababu nimetumia muda mwingi nyuma ya kamera nikiwasubiri wanyama hawa wafumbue macho. Mjusi-ndevu ana alama zake mwenyewe: mpangilio wa mabaka mgongoni, mistari ya kichwani, mwiba uliovunjika ubavuni, ncha ya mkia iliyokatika. Makinda wanaolelewa pamoja hung'atana vidole na mikia, na kwa jamii hii kiungo kilichokatika hakioti tena, tofauti na mijusi wengi wadogo tunaowaona ukutani. Jike wangu hana pingili ya mwisho ya kidole kimoja cha mguu wa nyuma wa kushoto. Katika tangazo, kidole hicho kinakosekana mguu wa kulia, na kichwa kinatazama upande ulio kinyume na picha niliyoipiga. Muuzaji aliigeuza picha kama inavyogeuka kwenye kioo ili isipatikane kirahisi mtu anapoitafuta kwa injini ya mtandaoni inayotafuta picha zinazofanana, kisha akakata pembeni palipokuwa na jina langu. Basi unapotafuta asili ya picha, itafute jinsi ilivyo, halafu igeuze na uitafute tena. Hatua hiyo ya pili watu wengi huiacha, na matapeli wanalijua hilo.

Katika tangazo hilohilo, picha tatu zinaelezwa kuwa za mnyama mmoja. Katika ya kwanza mkia umekamilika, katika ya pili ncha yake ni butu, na katika ya tatu mkia ni mzima tena. Taa zinazoonekana nyuma ni za aina tofauti, kizimba kimoja kina mchanga na kingine kina vigae. Hayo hayahitaji utaalamu. Yanahitaji tu kuziweka picha pamoja na kuzitazama bila haraka.

Rangi inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa si kila tofauti ya rangi ni udanganyifu. Mnyama huyu huwa mweusimweusi akiwa na baridi na hung'aa akishapata joto, na ndevu zake, yaani ngozi yenye miiba chini ya koo, huweza kugeuka nyeusi kwa muda mfupi tu. Aidha, taa ya kuotea joto hutoa mwanga wenye umanjano, hivyo mjusi wa manjano anayepigwa picha chini yake bila kurekebisha kamera huonekana wa chungwa. Mfugaji mwaminifu kabisa anaweza kutoa picha ya namna hiyo pasipo nia mbaya. Kinachomfichua mtu aliyezidisha rangi kwa programu ni vitu vinavyomzunguka mnyama: bakuli jeupe linalovuta waridi, jani la mboga lenye kijani kisichopatikana shambani, vidole vya mtu aliyemshika vilivyopata wekundu wa nyanya. Mjusi-ndevu wa buluu iliyokoza au wa zambarau mwili mzima, kama wale waliowekwa katika tangazo hili, usimlipie. Wapo makinda ambao ngozi yao hupitisha mwanga na tumbo lao huonekana lina ubuluu, lakini ubuluu huo hufifia kadiri wanavyokua.

Siku hizi zimeongezeka picha zilizotengenezwa kwa akili unde, na mbili kati ya picha za muuzaji huyu naamini ni za namna hiyo. Hesabu vidole: kila mguu una vitano, na kidole cha nne cha mguu wa nyuma ni kirefu kuliko vyote. Tazama nyuma ya taya uone tundu la sikio, ambalo kwa mnyama huyu liko wazi na ngozi ya ngoma yake huonekana. Fuata safu ya miiba ya ubavuni kuanzia begani hadi kwenye paja uone kama haipotei na kuibuka mahali pengine. Picha za kutengenezwa hukosea sana hapo.

Umri na jinsia navyo vinamsaliti. Kinda aliyetoka kwenye yai ana urefu wa takriban sentimita 10 na uzito wa gramu chache, na mtu mzima hufikia sentimita 40 hadi 60 pamoja na mkia. Tangazo linasema "umri wa wiki sita, jike kwa uhakika," kisha linaonesha mnyama mwenye kichwa kipana na matundu makubwa ya nta yaliyopangana chini ya mapaja, ambayo ni dalili ya dume aliyekomaa. Kwa wiki sita, mtu mkweli husema tu kwamba bado ni mapema kuitaja jinsia kwa uhakika.

Wengi hushauri kuomba picha ya mnyama pamoja na karatasi yenye tarehe. Mimi siuthamini sana ushauri huo, kwa kuwa karatasi huongezwa pichani kwa dakika chache. Omba video fupi isiyokatwa ambamo mnyama anawekwa juu ya mizani, gramu zinasomeka, kisha anageuzwa taratibu ili tumbo na sehemu ya chini ya mkia zionekane, huku muuzaji akitamka neno utakalomchagulia wewe. Mjusi-ndevu ni mtulivu, na kwa aliye naye kweli hiyo si kazi. Muuzaji huyu hutoa udhuru wa aina mbili: kwamba mnyama anajivua gamba, au kwamba yumo katika usingizi wa msimu wa baridi. Kujivua gamba hakumzuii mtu kurekodi video. Usingizi wa msimu upo kweli kwa watu wazima, lakini mnyama aliye katika hali hiyo hapaswi kusafirishwa, kwa hiyo udhuru huo unabomoa ofa yenyewe.

Lipo ombi jingine ambalo kwa wapiga picha ni jepesi na kwa mwizi wa picha ni gumu: mwombe picha iliyotangulia na iliyofuata. Anayewapiga picha wanyama hawa hubonyeza mara nyingi ili apate moja ambayo jicho limefumbuka na kuonekana vizuri, na zile nyingine mbovu hubaki kwenye kadi ya kamera. Aliyeiba anayo ile moja tu iliyochapishwa. Mnunuzi mmoja alipomwomba hivyo, alijibiwa kwa matusi na akaunti ikamzuia.

Majibu yake kuhusu matunzo nayo yapimwe. Ameandika kwamba mwanga wa dirishani unatosha badala ya taa ya UVB (aina ya mionzi ya urujuanimno iliyomo katika mwanga wa jua), wakati kioo cha kawaida huzuia karibu mionzi yote hiyo, na bila UVB mnyama hushindwa kutengeneza vitamini D3 ya kutosha kutumia kalsiamu, hata mifupa ikalainika. Anawasifu kwa wafugaji wapya wale wasio na magamba kabisa, ilhali hao ndio wenye ngozi inayochanika na kuungua kwa urahisi, na wanaopata taabu kubwa kujivua. Kuhusu joto la mahali pa kuotea, ambalo kwa kawaida huwekwa karibu na nyuzijoto 38 hadi 42 za Selsiasi, hakutoa jibu lolote.

Sijakutana na mtu hata mmoja aliyepokea mnyama kutoka kwake. Ikitokea kasha likafika kutoka kwa muuzaji yeyote, lifungue ukirekodi bila kukata, na umpeleke kwa daktari mapema mnyama mwenye taya laini, miguu inayotetemeka, macho yaliyozama au magaga ya manjano kwenye ngozi, kwa kuwa hayo ya mwisho yanaweza kuwa kuvu ya Nannizziopsis guarroi, ambayo ni hatari na huwaambukiza wengine.

Aliyekwisha kulipa asiongeze malipo hata moja, hata akitishiwa mahakama. Aiarifu benki au kampuni iliyopitisha fedha mara moja, kwa sababu muda una uzito hapo, kisha atoe taarifa polisi. Ahifadhi picha za skrini zinazoonesha jina la akaunti, anwani ya tovuti ya usafirishaji na jina la mpokeaji wa fedha kabla hajamweleza muuzaji kwamba amemshtukia, maana mazungumzo hufutwa papo hapo. Wajihadhari pia na watu wanaojitokeza baadaye wakiahidi kuzirudisha fedha hizo kwa ada ndogo. Waathiriwa wawili wa muuzaji huyu wamekwisha kufuatwa na watu wa namna hiyo, na inaelekea majina yao yaligawiwa na yeye mwenyewe.

Kwa wenzangu wanaopiga picha: wekeni jina lenu juu ya mwili wa mnyama, si pembeni panapokatwa kwa mara moja, na chapisheni nakala ndogo huku mkibaki na faili asili. Mkiona picha zenu katika tangazo hilo, kila mmoja apeleke malalamiko yake mwenyewe pamoja na faili asili, kwa kuwa lalamiko langu peke yangu liliondoa picha zangu tu na tangazo likaendelea kwa picha za wengine.