Uzoefu wangu na mafundi wa bustani ya ukame, Iyumbu Dodoma

Kama una kiwanja Dodoma na unatafuta fundi bustani, usianze na bei ya nyasi. Muulize kwanza maji ya paa lako yatakwenda wapi mvua ikinyesha. Kikundi nilichokipa kazi hapa Iyumbu ndicho kilichoniuliza mimi swali hilo, kabla hakijataja ua hata moja. Nakipendekeza kwa moyo wote, pamoja na kasoro nitakazozisema.

Ni vijana wachache wanaoongozwa na mzee mmoja mwenyeji wa Kondoa. Siku ya kuja kuangalia eneo alinifanyia hesabu kwenye karatasi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Kwa hiyo paa la mita za mraba 100 hupokea zaidi ya lita 50,000 kwa msimu mmoja. Hata ukitoa yanayopotea, bado ni maji mengi. Kwangu yalikuwa yakitoka getini na kuchimba barabara ya mtaa, na ikifika Agosti, upepo unavuma na vumbi limejaa hadi kwenye vyombo, tunaagiza maji ya boza.

Walipima mteremko kwa fremu ya miti yenye umbo la herufi A. Wakachimba mifereji mifupi inayokata mteremko, tuta likikaa upande wa chini, na kila mti ukapewa shimo la nusu mwezi linalotazama maji yanakotoka. Udongo wetu mwekundu ukikauka hufunga ganda juu, na mvua za huku huja kwa kishindo kisha jua likashika siku nyingi. Bila kitu cha kuyasimamisha, maji hupita juu na kuondoka na udongo wenyewe. Maji ya mabati sasa yanaingia kwenye tenki, na tenki likijaa yanafurika kwenda kwenye mifereji. Ya kufulia yanapita kwenye kitanda cha kokoto na mchanga kabla ya kufika kwenye mipapai.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote haikugharimu karibu chochote. Waliosafisha kiwanja kabla ya ujenzi walikuwa wamefyeka migunga yote, vikabaki visiki vinavyochipua ovyo. Nilidhani vitang'olewa. Mzee akasema, "Mama, mizizi ya hapa chini ina umri kuliko nyumba yako. Tuache ifanye kazi." Kwenye kila kisiki wakachagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, wakakata mengine na kupogoa matawi ya chini. Ndiyo ile kazi ya Kisiki Hai ambayo shirika la LEAD Foundation na wenzao wa shirika la Justdiggit wameisambaza vijijini mkoani Dodoma tangu 2018. Mche wa kitaluni huanza na mzizi mfupi na huomba maji kila kiangazi, lakini kisiki tayari kina mizizi iliyoshuka chini. Migunga yangu imeipita kwa urefu miche yote tuliyonunua, na hatujaimwagilia hata ndoo moja.

Mzee huyu alikulia kwenye mambo haya. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye eneo la Kondoa lililokuwa limeliwa na makorongo. Anasimulia jinsi majani yalivyorudi yenyewe ardhi ilipopumzishwa, na pia jinsi ilivyowauma wenye ng'ombe. Nilimsikiliza kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Fundi anayejua ardhi ilivyokufa na ilivyofufuka hapa hapa kwetu anakushauri tofauti na anayekuletea picha za bustani za mahali penye mvua mwaka mzima.

Kuhusu nyasi tulibishana. Nilitaka nyasi za Pemba mbele yote ya nyumba. Walinionyesha ni maji kiasi gani zingedai kila jioni kuanzia Juni hadi Novemba, tukakubaliana kipande kidogo cha ukoka penye kivuli watoto wanapochezea. Ukoka hukauka ukawa wa kahawia, mvua ikija unarudi. Kwingine pana mishubiri, mkonge na bogenvilia. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hili inatoka kwenye visima vya Mzakwe, na watu wameongezeka sana tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku 2016. Kumwaga maji ya kunywa kwenye zulia la majani wakati mtaa wa pili uko kwenye mgao ni jambo ninaloliona si haki. Ukitegemea kisima cha nyumbani, angalia chumvi: ncha za majani zikiungua na ukungu mweupe ukibaki juu ya udongo, maji yako ndiyo tatizo.

Sasa kasoro. Walichelewa. Tulikubaliana mifereji iwe tayari kabla ya mvua za kwanza, wakaja zikiwa zimeshapiga, na maji ya mwanzo yote yakaenda. Kwa Dodoma hilo ni kosa kubwa, kwa sababu msimu ni mmoja tu. Pili, waliweka matandazo ya majani makavu hadi kwenye shina la miche bila kunitahadharisha kuhusu mchwa, na miembe miwili ikaliwa. Walirudi wakapanda mingine bila malipo, wakasogeza matandazo shubiri moja kutoka kwenye shina na kuzungushia majivu. Hapo walinilipa haki yangu, lakini mtu anayefanya kazi hii Dodoma anapaswa kuanza na mchwa kichwani.

Bei ilikuwa laki nane kwa kazi ya mikono na miche. Tenki na mabomba nilinunua mwenyewe. Aliyeniwekea nyasi nyumba ya zamani alitoza pungufu ya hapo, ila maji ya kila kiangazi yalinigharimu zaidi.

Ukiwaita, waite Septemba. Andikeni tarehe ya mwisho ya kuchimba na malipo ya mwisho yasubiri mifereji ikamilike. Dai pia waje kupogoa visiki msimu unaofuata, maana machipukizi mapya hutoka tena na yasipokatwa mti unarudi kuwa kichaka. Mimi hilo nimeliingiza kwenye makubaliano ya mwaka huu, pamoja na eneo la wazi la mtaa wetu, ambalo majirani tumekubaliana kuchangia.