Kozi ya bure ya Android kutoka Google: nzuri kwa kujifunza, pungufu kwa kuombea kazi

Kozi ya Android Basics with Compose hailipiwi, haina tarehe ya kufunguliwa wala kufungwa, na hakuna anayekuuliza cheti cha kidato cha sita. Ina sehemu 8, zote kwa Kiingereza. Inafundisha lugha ya Kotlin pamoja na Jetpack Compose, zana ya kujengea skrini iliyotoka rasmi mwaka 2021. Kwa ufundishaji hatuna ugomvi nayo. Ila mtu wa Arusha au Moshi anayetaka kuipeleka mbele ya mwajiri, inamfikisha nusu ya safari.

Kwanza mashine. Laptop za mtumba zenye RAM ya 4GB ziache dukani hata bei ikishuka vipi. Android Studio, programu ya kompyuta unayoandikia programu za Android, inataka 8GB kwa uchache, na ukiwasha emuleta (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta) juu yake hata hiyo 8GB inaanza kuhema. Tumia simu yako mwenyewe badala ya emuleta: ingia kwenye mipangilio, gusa nambari ya muundo mara 7, menyu ya wasanidi programu itajitokeza, kisha ruhusu utatuzi kwa USB na uchomeke waya. Tecno au itel ya kawaida inatosha, tena ndiyo simu walizonazo wengi wa watakaotumia kazi yako.

Mradi wa kwanza unapofunguka, Gradle, zana inayounganisha vipande vya mradi kuwa programu, hupakua mamia ya MB. Usiifanye kazi hiyo kwa bando la siku. Tafuta Wi-Fi ya chuo au ya ofisi. Umeme au mtandao ukikatika katikati, mara nyingi faili hubaki nusu na utaambiwa hifadhi ya Gradle imeharibika. Dawa yake ni kupakua upya, na bando linaungua mara ya pili. Vitu vyote vikishaingia, bonyeza kitufe cha kuifanya Gradle ifanye kazi bila mtandao. Na pale Android Studio inapokushawishi upandishe matoleo ya mradi wa mazoezi, kataa. Waanzaji wengi hukwama hapo: somo limeandikwa kwa toleo moja, mradi umehamia jingine, makosa mekundu yanajaa skrini na mtu anadhani hajui Kotlin.

Sehemu za 1 hadi 3 ni nyepesi. Ya 4, yenye ViewModel (sehemu inayotunza data ya skrini) na usanifu wa programu, ndiyo inayochuja watu, kwa hiyo isome taratibu. Lakini kwa huku kwetu dhahabu iko kwenye sehemu ya 6 na ya 7, na inasikitisha kwamba wengi huacha kabla ya kuzifikia. Ya 6 inafundisha Room, yaani kuhifadhi data ndani ya simu. Ya 7 inafundisha WorkManager, inayoweza kusubiri mtandao urudi ndipo itume. Fikiria kampuni ya utalii ya Arusha yenye magari ndani ya Serengeti, au karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) anayepima kahawa miteremkoni juu ya Moshi. Programu inayoganda mtandao ukipotea haina kazi kwao. Kosa linalojirudia kwenye Room ni toleo la KSP (zana inayoiandikia Room sehemu ya msimbo) kutolingana na la Kotlin: kwa mfano Kotlin 1.9.0 huenda na KSP 1.9.0-1.0.13, na ukibadilisha moja peke yake mradi unagoma kujengeka.

Sasa mwajiri. Ukifaulu maswali unapata beji kwenye wasifu wako wa Google. Ni pambo. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba kila aliyesoma kozi hii ana Dice Roller (programu ya mazoezi ya kurusha dadu) ileile kwenye GitHub, tovuti ya kuwekea msimbo, na mtu anayeajiri ameshaziona hadi amechoka. Chukua mradi wa Inventory (orodha ya bidhaa za dukani) wa sehemu ya 6 uugeuze daftari la kupokelea kahawa. Badala ya bidhaa na bei, weka namba ya mkulima, uzito, aina (mbivu au kavu) na muda wa kupima. Uzito uhifadhi kwa gramu kama namba nzima, maana ukitumia namba za desimali jumla ya msimu itakuja na vipande vya ajabu. Kwenye usaili weka simu kwenye hali ya ndegeni, ingiza mizigo mitatu, zima programu, iwashe tena. Mizigo ikiwa bado ipo, umejibu maswali kadhaa bila kufungua mdomo.

Kuiweka Play Store ndiko kozi inakokuacha peke yako. Usajili ni dola 25 mara moja tu, na kadi za kulipia kabla hazikubaliwi, hivyo andaa kadi ya benki inayoruhusu malipo ya mtandaoni. Akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 zinadaiwa jaribio lililofungwa (closed test) lenye watu 12 kwa siku 14 mfululizo. Kuandika barua pepe zao kwenye orodha hakutoshi: kila mmoja lazima afungue kiungo na kukubali kwa akaunti yake ya Google, na asijitoe. Omba 15 au zaidi, kwa sababu wawili watatu watajitoa tu. Unapakia faili la AAB, kifurushi ambacho Play hukitumia kutengeneza programu ya kila simu, si APK, faili linalosakinishwa moja kwa moja kwenye simu. Ufunguo wa kutia saini, faili linalothibitisha kuwa programu ni yako, uwekee nakala nje ya laptop. Ukiupoteza, Play inaweza kukubadilishia ule wa kupakia, lakini APK uliyowagawia watu kwa WhatsApp haitakubali sasisho lenye saini nyingine mpaka waifute kwanza, na data inaondoka nayo.

Meta ina kozi yake ya Android kwenye Coursera, ya kulipia, na cheti chake kinapendeza kwenye CV. Ila daftari la kahawa lililo hewani tunalipa uzito zaidi. Flutter, zana ya kujenga programu moja kwa Android na iPhone, inafaa ukilenga kampuni zenye wageni wa nje wanaotumia iPhone, lakini kujenga toleo la iPhone kunahitaji Mac, na Apple hutoza dola 99 kila mwaka. Asiye na Mac aandike Android tu kwenye CV yake, na aweke kiungo cha Play mstari wa kwanza, juu ya elimu.