iNaturalist kwa kutambua mijusi, nyoka na vyura: maoni yangu nikiwa Mombasa

Watu wananiuliza sana kama hii apu ya iNaturalist inamfaa mtu wa kawaida anaetaka kujua yule mjusi ukutani ni wa hapa au ni wa kuja. Jibu langu ni ndio, ipakue, ni bure na haina matangazo, ila jua kuitumia maana wengi wanapiga picha moja ya mbali, wanabeba jina la kwanza lililotokea juu, basi kwao imeisha hapo.

Ilivyo ni hivi, unapiga picha, apu inachukua tarehe na mahali, alafu kompyuta inakupa majina inayodhani, na ukiwa huna uhakika unaandika tu "mjusi" inatosha. Utamu wenyewe unakuja baadae, watu kabisa, wengine wa makumbusho na vyuo vikuu, wanaingia kuangalia picha yako na kusema ndio au sivyo, wakikubaliana zaidi ya theluthi mbili rekodi inapanda daraja na inaweza kufika mpaka GBIF, hifadhidata ya kimataifa ya viumbe hai, ambako watafiti wa dunia nzima wanachota data. Yaani picha ya barazani kwako inaingia kwenye utafiti, mimi hilo peke yake linanitosha kuipenda. Ilianza 2008 kama mradi wa wanafunzi wa chuo kikuu cha Berkeley kule Marekani na tangu 2023 ni shirika linalojitegemea, sio la faida.

Sasa chukua mjusi kafiri wa kwenye taa ya baraza. Huku pwani ya Kenya kuna wawili wanaochanganywa kila siku, wa kwetu Hemidactylus mabouia na mgeni wa kutoka Asia Hemidactylus frenatus, huyu kasambaa duniani kwa kupanda meli na mizigo. Usiku wote wawili wanapauka wanakaribia kuwa weupe, kwa hiyo rangi usiitegemee kabisa. Angalia mgongo. Wa kwetu ana vipele vikubwa vimetapakaa mgongo mzima, mgeni mgongo wake ni laini zaidi, vipele vichache. Na sikiliza, mgeni ana kelele, chak chak chak chak, wa kwetu mara nyingi kanyamaza. Sasa ukimpiga picha kutoka chini yeye yuko juu darini vipele havionekani na hapo kompyuta itabahatisha na hata mtaalamu atakwama. Sogea karibu, tochi imulike kutoka ubavuni ili vipele vitoe kivuli, piga mgongo, piga mkia, piga kichwa kwa upande, zote zitie kwenye rekodi moja. Ukifanya hivyo majibu yanakuwa na uzito.

Mwingine wa kuangalia ni kale kanyoka keusi kembamba kanakotoka kwenye vyungu vya maua, watu wanakaponda wakidhani ni mtoto wa nyoka mwenye sumu. Ni Indotyphlops braminus, mgeni wa kutoka Asia, kasafiri kwenye udongo wa mimea, hana sumu, anakula mayai ya mchwa na sisimizi. Wote ni majike, wanataga bila dume, ndio maana mmoja tu akifika anaweza kuanzisha kizazi. Ukimtazama kwa karibu anang'aa, hana pingili wala ute kama nyungunyungu, macho ni vidoa viwili tu chini ya magamba, na anatoa ulimi. Piga hivyo vitu na apu itakuelekeza vizuri.

Kitu ninachokipenda zaidi ni kwamba wenyeji au ugeni inauhesabu kwa mahali. Huyo huyo mabouia wetu ni mgeni Florida, Karibiani na Brazil. Kinyonga wa pembe tatu wa nyanda za juu za Kenya yuko Hawaii tangu 1972, alipelekwa kuuzwa kama mnyama wa kufuga akaishia porini. Kwenye tovuti mgeni anawekewa kialama cha waridi cha IN (introduced, yaani wa kuja), lakini orodha za kila nchi zinajazwa na watu, kwa hiyo kialama kisipokuwepo usikimbilie kusema ni wa asili.

Kwenye vyura nampunguzia maksi. Vyura wadogo wa kahawia wa Afrika Mashariki kwa picha peke yake ni vigumu, mara nyingi apu inaishia kwenye jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, na ndio sawa, bora hivyo kuliko jina la uongo. Wengi wanatofautishwa kwa sauti, kwa hiyo mrekodi akilia, uweke sauti na picha pamoja. Kompyuta haisikilizi hiyo sauti ila watu wanasikiliza. Na kwa huku Afrika wanaojua vyura ni wachache ukilinganisha na Ulaya au Marekani, rekodi inaweza kukaa muda mrefu bila jibu, usiifute.

Mambo mengine. Kobe wa kufugwa au wa bwawa la hoteli mwekee alama kwamba yuko kifungoni la sivyo unaharibu data. Spishi zilizo hatarini apu yenyewe inaficha mahali halisi, inaonyesha eneo la kama kilomita 20 tu, na wewe pia unaweza kuficha, fanya hivyo hasa kwa vinyonga maana wauzaji nao wanasoma ramani. Bando sio shida, unapiga picha msituni unapandisha ukifika kwenye waifai. Watoto wawekee Seek, ni ya hao hao, haitaki akaunti na inatambua hata bila intaneti.

Na nyoka mpige kwa kuzoom ukiwa mbali, usimshike. Mtu akiumwa usifungue apu yoyote, mpelekeni hospitali hapo hapo.