Redio ya ndege ya rimoti ifikayo mbali: ununue ipi ukiwa Kisumu au Nakuru

Umbali mara mbili hudai nguvu mara nne. Ukipanda kutoka miliwati 100 hadi 400, umezidisha umbali mara mbili tu, na betri ya rimoti inakwisha mapema. Ndiyo maana hatukupanga orodha hii kwa wati.

1. Rimoti yenye ExpressLRS (mfumo wa mawasiliano kati ya rimoti na ndege) ya 2.4 GHz ndani. Wengi wanaweza kuishia hapa. RadioMaster Pocket, yenye miliwati 250, inatosha kabisa. Boxer ya kampuni hiyohiyo, ya wati 1, inamfaa mwenye mikono mikubwa. Ongeza risiva (kipokezi cha ndani ya ndege) ya PWM, yaani yenye matundu ya kuchomeka servo, mota ndogo zinazosogeza mabawa na usukani, kama ER6. Ukishusha kasi ya pakiti, yaani vifurushi vya amri ambavyo rimoti hutuma, kutoka 250 hadi 50 kwa sekunde, usikivu unaongezeka kwa desibeli 7, yaani umbali zaidi ya mara mbili, bure. Toleo kuu la programu ya ExpressLRS lilingane kwenye rimoti na risiva, 3 kwa 3, la sivyo haziungani. Na ukiwasha ndege, usichelewe kuwasha rimoti: baada ya sekunde 60 risiva huingia Wi-Fi na haikusikii tena mpaka uchomoe betri.

2. Moduli (kifaa cha kutuma kinachochomekwa nyuma ya rimoti) ya ExpressLRS ya 868 MHz. Ni ya anayerusha juu ya miwa ya Muhoroni au kando ya miti, kwa sababu majani mabichi humeza 2.4 GHz zaidi. Hapa ndipo pesa hupotea: moduli nyingi za mtandaoni zimeandikwa 915, bendi ya Marekani. Kwetu, kati ya 880 na 915 ndipo simu huongea na mnara, na kuanzia 925 mnara hujibu. Utashindana na kila simu ya soko la Ahero. Programu unaweza kuibadilisha iwe 868, lakini antena iliyokatwa kwa 915 itabaki ya 915. Angalia pia nafasi ya moduli nyuma ya rimoti: Pocket hupokea moduli ya umbo dogo liitwalo nano, Boxer ile ya umbo kubwa liitwalo JR.

3. TBS Crossfire, mfumo mwingine wa masafa marefu. Imara, lakini ghali. Inunue tu kama tayari una risiva zake. Mtego wa 915 upo hapa pia.

4. FlySky FS-i6. Rimoti ya kujifunzia uwanjani.

Yoyote utakayochagua, usiiwashe bila antena. Kikuza nguvu huungua. Usielekeze ncha ya antena kwa ndege, maana hapo ndipo mawimbi ni hafifu zaidi. Ndani ya ndege, weka antena ya risiva mbali na kaboni, betri na nyaya za mota. Kisha toa propela, zima rimoti, uone kama mota inasimama. Isiposimama, usirushe.

Sheria za KCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya) za mwaka 2020 zinataka kibali kabla ya kuagiza ndege kutoka nje, isizidi futi 400, nawe uione kwa macho. Kwa hiyo faida halisi ya redio hizi ni mawasiliano kutokatika nyuma ya miti.

Ikianguka katika miwa, usizime rimoti. Ishike kifuani, shusha nguvu hadi chini kabisa, geuka polepole ukisoma RSSI, kipimo cha nguvu ya mawimbi kwenye skrini ya rimoti. Mwili wako huzuia mawimbi: inaposhuka ghafla, ndege iko mgongoni mwako.