Huduma ya chanjo ya UVIKO-19 Temeke: kituo cha afya na meza ya sokoni

Naandika tathmini hii kwa wanaopanga huduma za chanjo, na kwa yeyote atakayempeleka mzazi mwenye kisukari au presha kuchanjwa. Mimi ni fundi cherehani, nashonea Tandika, wilaya ya Temeke. Nimeiona chanjo ya UVIKO-19 ikitolewa kwa njia mbili hapa Dar es Salaam. Ya kwanza ilikuwa Agosti 2021, ya kujiandikisha na kwenda kituoni, ambako nilimpeleka mama yangu. Ya pili ilikuwa mwanzoni mwa 2022, wahudumu walipotufuata sokoni, na hapo nilichanjwa mwenyewe. Kote kuwili chanjo ilikuwa bure, na kote kuwili ilikuwa ileile, Janssen, ya kuchoma mara moja. Kilichotofautiana ni namna tulivyopokelewa, na kwa macho yangu hicho ndicho kilichoamua nani achanjwe na nani arudi nyumbani na hofu yake.

Ikumbukwe tulikotoka. Januari 2021 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba chanjo hazifai, na mtaani kwetu karibu kila nyumba ilikuwa na sufuria ya kujifukizia. Mama alikuwa anapiga nyungu asubuhi na jioni: majani ya mkaratusi, mchaichai, malimao, tangawizi. Machi Rais akafariki, akaapishwa Mama Samia, ikaundwa kamati ya wataalamu. Julai 24 zikapokelewa dozi 1,058,400 za Janssen kutoka Marekani kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo, na tarehe 28 Rais Samia akachanjwa Ikulu mbele ya kamera, nchi nzima ikiangalia. Yaani nusu mwaka tu. Mtu mzima wa miaka 67 aliyesikia hivi Januari na vile Julai ana kila haki ya kuuliza maswali, na huduma iliyomwita ilipaswa kujiandaa kwa maswali yake kabla ya kuandaa viti na turubai. Mimi nimeipima huduma kwa hilo.

Kituo sikitaji jina. Wahudumu walikuwa wachache, walichoka, na kukitaja hakutamsaidia mtu.

Awamu ile ya mwanzo walipewa kipaumbele wahudumu wa afya, wenye miaka 50 na kuendelea, na wenye magonjwa sugu. Mama alikuwa anaingia kwa umri na kwa ugonjwa. Tatizo likaanzia kwenye kujiandikisha, maana kulifanyika mtandaoni na mama anatumia kitochi. Tukaenda steshenari. Kijana pale akatujazia taarifa, akaprinti karatasi, tukalipa. Nilikuta wazee wengine pale wamekaa na vitambulisho mkononi wakisubiri kijana yuleyule awajazie. Wazee ndio waliotangazwa kuwa watu wa kwanza, lakini mlango waliowekewa ulihitaji simu janja na bando. Baadaye niliambiwa mtu angeweza kwenda moja kwa moja akaandikishwa palepale. Kama ilikuwa hivyo, gari la matangazo lililopita mtaani lingesema, na halikusema.

Pale kituoni tulikaa kwenye mabenchi chini ya turubai. Nesi alikuwa mmoja. Yeye ndiye aliyepima presha, aliyejaza rejesta, aliyechoma, na katikati ya hayo akawa anaitwa wodini. Tukapewa fomu ya ridhaa tusaini. Ilisema chanjo ni hiari, lakini maandishi yalikuwa madogo na mama hakuja na miwani, basi nikamsomea mimi.

Kisha tukasubiri. Nesi akatoka, akatuhesabu kwa macho, akarudi ndani bila kusema kitu. Baada ya muda akatoka tena, akahesabu, akarudi. Mzee mmoja wa jirani na sisi akauliza kwa sauti, "Tunahesabiwa kwa sababu gani?" Hakuna aliyemjibu. Benchi zima likaanza kunong'ona. Mmoja akasema wanasubiri kibali kutoka juu, mwingine akasema labda dawa yenyewe imeisha wanaona aibu kusema. Mama mmoja mwenye mtandio wa kijani, aliyefika kabla yetu, akachukua mkoba wake, akasema ngoja anywe chai kwanza. Hakurudi. Sisi tukaitwa baadaye sana, wote kwa pamoja, tulipofika watano.

Sababu yenyewe ni rahisi, na ni nzuri. Chupa moja ya Janssen ina dozi tano. Ikishatobolewa kwa sindano ya kwanza, kilichobaki kinatakiwa kitunzwe kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 na kitumike ndani ya saa sita, vinginevyo kinamwagwa. Nesi alikuwa anazilinda dozi zisipotee, wakati nchi nzima ilikuwa imepokea milioni moja na kidogo kwa watu karibu milioni 60. Mimi ningefanya vilevile. Lakini angetuambia! Angesema, "Wazazi wangu, chupa ni ya watu watano, nasubiri mmoja atimie," tungekaa kwa amani, na yule mama wa mtandio wa kijani angekuwa amechanjwa siku ile.

Kuna lililoniuma zaidi. Zamu ya mama ilipofika, alimuuliza nesi kwa adabu, "Mwanangu, mimi nina sukari na presha, dawa nameza kila siku. Hii haitagombana nazo?" Nesi akamjibu bila kuinua uso kwenye rejesta: "Mama, kama hutaki, ni hiari." Mama akanyamaza, akakunja mkono wa gauni lake mpaka begani. Alikuwa ameshaamua kuchanjwa tangu nyumbani. Alichotaka ni kusikia kutoka kwa mtu wa afya kwamba wenye sukari na presha ndio hasa waliokuwa wanaumizwa zaidi na ugonjwa huu, ndiyo maana wamewekwa mbele. Jibu hilo lingechukua muda uleule.

Kuhusu kuchoma kwenyewe sina lawama. Pakiti ya sindano ilifunguliwa mbele yetu, chupa ilitolewa kwenye kasha lenye barafu, na sindano iliyotumika ilidumbukizwa papo hapo kwenye boksi la njano. Mama alisema hata hakusikia maumivu. Ila tulipotoka hakuna aliyetuambia tukae kwanza tuangaliwe. Tulifuata mlango tukaondoka. Usiku homa ikapanda, mwili ukamuuma, akawa anatetemeka, na kwenye kadi ya chanjo aliyopewa hapakuwa na namba ya simu ya kumpigia mtu yeyote. Asubuhi jirani yetu ambaye ni mfamasia akatuambia homa ya namna hiyo ni ya kawaida, apewe panadol na maji mengi, na kweli kesho yake alikuwa anapika. Usiku ule lakini shangazi zangu wawili walishapiga simu, na habari zikafika Lindi kwamba mama kachanjwa na hali yake mbaya. Kule hakuna aliyekuwa tayari kunisikiliza tena kwa muda mrefu.

Kilichofuata ni cheti. Jina la mama liliingizwa kwenye mfumo kwa kukosea herufi, halifanani na la pasipoti. Dada yangu anaishi Muscat na alikuwa anamtaka mama aende akamwone mjukuu, kwa hiyo cheti chenye ile alama ya kuskani kilikuwa kitu cha lazima. Kukirekebisha kulituchosha. Kila tukienda, aliyehusika na kompyuta hayupo, au mtandao uko chini. Kilirekebishwa, lakini kwa miguu yetu.

Sasa meza ya sokoni. Wakati huo serikali ilikuwa imeshaanza mpango wa kuwafuata watu walipo, wakauita mpango shirikishi na harakishi, na Janssen haikuwa peke yake tena, Sinopharm na nyingine zilishaingia nchini. Walikuja asubuhi, wakaweka meza na mwavuli mkubwa karibu na wauza nyanya. Alikuwepo nesi mmoja, kijana mwenye kishikwambi cha kuandikisha, na dada mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Huyu dada sisi tunamjua. Ndiye anayepita majumbani kuwakumbusha wazazi kliniki za watoto, anajua nani ana mimba na nani ana mgonjwa ndani. Alipita meza kwa meza akitusalimia kwa majina. Kwangu alisimama, akashika kitambaa nilichokuwa nashona, tukaongea habari za watoto, ndipo akaniambia, "Njoo umsikilize nesi. Usipotaka utarudi kwenye cherehani yako."

Nesi alianza na chupa. Akaishika kwa vidole viwili, akaiinua juu ili hata waliosimama nyuma waione, kachupa kadogo kuliko ka rangi ya kucha. "Jamani, hii ni ya watu watano. Nikiifungua kwa mmoja, wanne wanaweza kupotea. Sasa hivi ninao watatu. Nani na nani?" Basi soko likaingia kazini. Mama anayeuza dagaa akamwita mdogo wake, muuza mkaa akamfuata mwenzake anayebeba mizigo. Watano wakatimia, kisha watano wengine. Jambo lilelile lililomfukuza mtu kituoni, hapa liliwafanya watu waitane, kwa kuwa tu lilisemwa.

Maswali yakaja, na watu hawakuona haya. Muuza mitumba mmoja aliuliza kama ni kweli mtu akichanjwa hatazaa. Mwingine akasema amesikia aliyechanjwa anakufa baada ya miaka miwili. Nesi hakumcheka yeyote wala hakukaripia. Alisema hiyo ya kutozaa haina ukweli, na kwamba yeye mwenyewe alichanjwa mwaka uliotangulia na wanaotaka wamwangalie vizuri. Akasema mkono utauma, homa inaweza kuja usiku, kichwa kitauma, na ndani ya siku mbili hivi vitakwisha. Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia: kwamba kwa watu wachache sana chanjo hii iliwahi kuleta damu kuganda, na akataja dalili, kichwa kinachouma vibaya kisichotulia, kifua kubana, mguu kuvimba, tumbo kuuma mfululizo, ndani ya wiki chache za mwanzo. "Ukiona hivyo usikae nyumbani, njoo hospitali, sema ulichanjwa lini." Baadhi ya watu waliondoka waliposikia hayo. Mimi ndiyo yaliyonifanya nikunje mkono. Mtu aliyeniambia la hatari bila kulizunguka, nilimwamini na aliponiambia kwamba chanjo haizuii kabisa kuambukizwa, ila inapunguza sana kuugua vibaya na kufa.

Baada ya kuchomwa aliandika saa kwenye kadi yangu, akanionyesha kiti: "Kaa hapo dakika kumi na tano, nikikwambia ndiyo uende." Nyuma ya kadi aliandika namba ya simu. Kijana wa kishikwambi akanigeuzia kioo nisome jina langu kabla hajatuma. Cheti kilitoka bila kasoro.

Sitasema kila kitu pale kilikuwa sawa. Wanawake waliulizwa kama ni wajawazito mbele ya wateja na wapita njia, na waliotaja maradhi yao walisikika na meza nzima. Binti mmoja aliulizwa, akatazama chini, akaondoka. Pazia moja na vijiti viwili vingetosha kuweka kona ya faragha. Spika ya matangazo nayo ilikuwa jirani mno, nesi akawa anapiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Kituo nakipa 2 kati ya 5, na hizo mbili ni za usafi na za dozi ambazo hazikumwagwa. Meza ya sokoni naipa 4, ya tano inasubiri pazia. Na kama kuna mtu wa halmashauri anayesoma hapa, nasema wazi: fedha zikiwa chache, punguzeni mabango, muwalipe vizuri wale kina dada wa ngazi ya jamii. Soko lilikwenda mezani kwa sababu ya yule dada, na aliyejua thamani yake pale alikuwa nesi.

Aprili 2024 binti yangu alichanjwa shuleni dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, dozi moja. Safari hii mwalimu alituita wazazi kabla, mhudumu akaeleza, tukauliza mpaka tukaridhika, na niliona maswali mengi ya wazazi wenzangu bado ni yaleyale ya sokoni, hasa la kuzaa. Waliyajibu vizuri.

Kwa anayempeleka mzazi kwenye chanjo yoyote: mbebeeni miwani, na dawa anazotumia zibebeni na paketi zake ili nesi asome mwenyewe. Mzazi awe amekula. Ulizeni chupa ni ya watu wangapi kama mnaona mnakawizwa. Msinyanyuke kabla jina halijasomwa kwenye kioo na kulinganishwa na kitambulisho, herufi kwa herufi, na kama kadi haina namba ya simu, ombeni iandikwe hapohapo. Panadol iwe nyumbani kabla ya kwenda, na ndugu wa mbali waambiwe mapema kwamba usiku huo homa inaweza kuja.