Adapta za Intaneti Kupitia Waya wa Umeme: Spidi Ipo, Redio Imekufa!

Haya wandugu, karibuni tena kwenye chaneli. Leo tuko Mikindani, Mtwara, na kabla ya maneno mengi nataka msikie kitu. Redio hii hapa inatumia betri, nimeiweka SW, megahezi 9.6. Tulieni kidogo... Kuna kituo kinaongea kwa mbali, sauti inapanda na kushuka, kawaida ya mawimbi mafupi saa hizi za magharibi. Sasa nachomeka hiki kidude ukutani. Mmesikia? Kituo hakipo. Redio sijaigusa, eriali sijaigusa, nimechomeka plagi tu.

Basi hicho ndicho tunachokichambua leo: adapta za pawalaini, zile zinazopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme za nyumba. Jina la kampuni nimelifunika na utepe, msinisumbue kwenye komenti, kwa sababu tatizo nitakalowaonyesha halimhusu mtengenezaji mmoja. Ni la aina nzima ya vifaa hivi.

Namna ya kuzifunga mnaijua, nitapita haraka. Moja karibu na ruta, nyingine chumba cha mbali, unabonyeza kitufe cha Pair kwenye ya kwanza, kisha ndani ya dakika mbili unabonyeza kwenye ya pili. Usiruke hatua hiyo hata kama taa zimewaka zenyewe. Nyingi zinatoka kiwandani na nywila moja ya pamoja, na mawimbi haya hayasimami kwenye mita ya LUKU. Jirani aliye kwenye fezi moja na wewe akinunua za aina hiyohiyo, mnaweza kujikuta mko mtandao mmoja bila kualikana.

Boksi limeandikwa 600, yaani megabiti 600 kwa sekunde. Hapo ngoja nicheke kidogo. Leteni kamera karibu, tazameni tundu la waya wa mtandao: 10/100. Yaani mlango wenyewe mwisho wake ni megabiti 100 kwa sekunde, hata huko ndani kuwe na muujiza gani. Hiyo 600 ni hesabu ya kwenye waya wa umeme, kwenda na kurudi zikijumlishwa, hali ikiwa safi kabisa. Nani ana hali safi kabisa? Waya za humu zimeungwaungwa, na chumvi ya bahari imeshaanza kula viungo vya soketi. Ukitaka zaidi ya 100, tafuta yenye tundu la gigabiti, na uwe tayari kulipia.

Sasa nisiwe mchoyo wa sifa. Humu Mikindani kuna nyumba za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kweli. Wi-Fi ya sebuleni inafia mlangoni. Tajiri wa nyumba hataki kutobolewa ukuta. Hapo kidude hiki kinafanya kazi ambayo zile Wi-Fi za mesh, vifaa kadhaa vinavyorushiana Wi-Fi chumba kwa chumba, zinashindwa, kwa sababu mesh nazo zinahitaji kuonana kupitia ukuta uleule. Video inacheza chumba cha nyuma bila kukwama. Hilo nimelikubali.

Lakini rudini kwenye redio, maana hapa ndipo ninapokereka.

Sikilizeni adapta zikiwa hazina kazi. *Trrrrrr*. Hiyo trrr siyo hitilafu. Adapta za HomePlug AV, ndicho kiwango cha pawalaini kinachotumika sana, zinapigiana hodi kila mizunguko miwili ya umeme. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo hodi moja kila milisekunde 40, mara 25 kwa sekunde. Sasa naanza kupakua faili kubwa kwenye kompyuta ya chumba cha nyuma... *Shhhhhh*. Trrr imegeuka maji ya bomba. Nikisimamisha upakuaji, trrr inarudi. Hiyo ndiyo alama yake ya kwanza: kelele inafuata matumizi ya intaneti.

Alama ya pili ndiyo tamu, na hii ndiyo sababu ya video nzima. Naishusha redio mpaka megahezi 6.8. Kelele ipo. Napandisha polepole, 6.9, kelele ipo, 6.95, ipo, 6.98... 7.0. Kimya! Ghafla. 7.1, kimya, mnasikia vituo vinachungulia. 7.2 kimya. 7.3, napita kidogo... *shhhh*, imerudi. Tuje juu, 13.9 kelele, 14.0 kimya, mpaka 14.35, halafu kelele tena. Hakuna chaja ya simu wala taa ya LED inayokata kelele kwa kisu namna hiyo. Ni mashimo yaliyochongwa makusudi kiwandani. Adapta hizi zinatumia karibu megahezi 2 mpaka 28, zenye spidi kubwa hupanda zaidi, na ndani ya upana huo watengenezaji wameacha wazi bendi za redio za ridhaa, yaani za watu binafsi wenye leseni wanaorusha mawimbi kwa kujifurahisha: 3.5, 7, 10.1, 14, 18, 21 na kadhalika. Wana redio wa ridhaa wa Marekani na Ulaya walipiga kelele miaka mingi mpaka wakaachiwa nafasi yao. Kiwango cha Ulaya cha mwaka 2013, EN 50561-1, kinadai mashimo hayo, na kinataka pia adapta zisikilize zenyewe bendi za utangazaji, zikisikia kituo zipishe.

Hii niliyoshika haisikilizi kitu. 9.6 imefunikwa, 11.7 imefunikwa. Redio ya ZBC, shirika la utangazaji la Zanzibar, wanajulikana kwa 11735 kilohezi, ipo katikati kabisa ya kelele. Halafu sisi watu wa pwani tuna jambo jingine: masafa ya HF, haya haya ya mawimbi mafupi, ya dharura baharini kwa sauti ni 4125, 6215, 8291 na 12290 kilohezi. Linganisheni na mashimo niliyowatajia. Hakuna hata moja iliyomo. Mwenye kituo cha HF ufukweni, huku ofisi ya jirani imechomeka vidude hivi, hatamsikia mtu mwenye mawimbi hafifu. VHF chaneli 16 haiguswi, hiyo iko megahezi 156.8, mbali sana. Na FM msiwe na wasiwasi, Simba na Yanga mtazisikiliza kama kawaida, kwa sababu FM inaanza 88 na hizi hazifiki huko. Hata zile kubwa za AV2, toleo jipya la HomePlug, zinaishia 86.

Kwa nini waya wa umeme uvujishe hivi wakati waya wa mtandao hauvujishi? Waya wa Cat6 umesokotwa jozi jozi, mkondo wa huku unafuta wa kule. Waya wa nyumba haukusokotwa. Tazameni swichi hii ya taa: laivu inashuka mpaka hapa na kurudi juu peke yake, nyutro iko kule kwenye holda. Pale mizani imevunjika, na waya uliobaki peke yake unakuwa eriali. Mita 5 za waya ni robo ya wimbi la megahezi 15. Kwenye nyumba ya vyumba vitatu una mita 5, mita 10, mita 3, za kila urefu, kwa hiyo kila bendi inapata eriali yake. Hesabu haikwepeki.

Na hapo ni nyumba moja. Kuna waliojaribu mji mzima, intaneti kwenye nguzo za mtaani. Manassas, Virginia, kule Marekani, walikuwa nayo, malalamiko ya wana redio hayakuisha, na baraza la mji likapiga kura kuifunga mwaka 2010. Manchester, Uingereza, kampuni za umeme na simu zilijaribu miaka ya 1990, zikaacha mwaka 1999. Mtu akija kuwauzia mradi wa namna hiyo huku Kusini, mnayo mifano.

Kuna aliyeuliza kwenye video iliyopita: je, kile kidude cha LUKU cha kuchomeka kwenye soketi, cha kuingizia tokeni, nacho kinafanya hivi? Hapana. Zile zinazoongea na mita kupitia waya zinatumia masafa ya chini sana, chini ya kilohezi 150, tena kwa muda mfupi. Usilaumu LUKU.

Sasa, kabla hujamgombeza jirani, hakikisha. Redio iwe na betri, adapta yake ya umeme, ile ya redio yenyewe, ichomolewe kabisa. Fanya jioni, kuanzia saa kumi na moja, maana saa sita mchana bendi za chini hazina vituo hata bila kelele. Zima meni swichi ya nyumba yako. Kelele ikiisha, chanzo ni chako: washa breka moja moja mpaka irudi, kisha chomoa kifaa kimoja kimoja. Kelele ikibaki, tembea na redio nje, eriali umeifupisha, sogea upande inakozidi. Halafu piga mtihani wa mashimo, 6.9 kwenda 7.0.

Usipopata mashimo, shuka chini ya megahezi 1.6, masafa ya kati. Pawalaini haifiki huko. Kelele ikiwa kali kule chini, inajirudia kila ukisogea kilohezi kadhaa, tena inatangatanga, hiyo ni chaja ya bei poa, taa ya LED au kontrola ya sola. Na ukisikia *krrrr* nzito inayopungua mvua ikinyesha, huenda ni chuma kilicholegea juu ya nguzo. Hiyo waachie TANESCO, usipande.

Tiba. Watu wanakimbilia feraiti, vile vibuyu vyeusi vya kubana kwenye waya. Zinasaidia, lakini ujue unaziweka wapi. Adapta inachomekwa moja kwa moja ukutani, huna waya wa kubana pale. Bana kwenye waya wa mtandao unaotoka kwenye adapta, bana kwenye waya wa eriali unapoingia kwenye redio. Uliza feraiti ya aina ya 31, ndiyo ya bendi hizi. Aina ya 43 inafaa zaidi juu huko. Na kibuyu kimoja kupita mara moja ni mapambo. Chukua pete ya inchi 2.4, zungusha waya mara 10 mpaka 12, hapo kuna kitu. Bora zaidi, toa eriali nje ya nyumba, mita 10 au 20 kutoka ukutani, dipoli yenye pande mbili sawa, ishuke na waya wa koaksi, kama ule wa eriali ya TV.

Na huyu mwenye adapta, kuna mipangilio ya kulala: kompyuta au TV ikizimwa, adapta nayo inalala baada ya dakika kadhaa na trrr inapungua sana. Iwashe hiyo. Mimi ningependa kuwe na sehemu ya kuongeza mashimo yangu mwenyewe, niandike tu 9.4 mpaka 9.9 acha. Kwenye programu yao hakuna! Wameweka rangi ya usiku, wameweka salamu za asubuhi, mashimo hakuna. Hili linaniudhi kuliko ile 600 ya uongo.

Ukilazimika kuinunua, usiichomeke kwenye ekstensheni yenye kinga ya radi, wala nyuma ya stabilaiza au UPS. Ndani yake kuna kapasita kati ya laivu na nyutro, zinameza mawimbi, spidi inaanguka, mteja analaumu mtandao wa simu. Ukutani moja kwa moja. Na nyumba yenye fezi tatu, hakikisha soketi zote mbili ziko fezi moja, fundi umeme atakuonyesha kwenye boksi la breka.

Bei? Inacheza duka na duka, wa Dar na wa Mtwara mjini hawaelewani. Msimamo wangu: jozi ikivuka laki na ushee, mimi naelekea kwa muuza waya. Cat6 ya nje, ile nyeusi inayostahimili jua, inapita chini ya mapaa, inashuka dirishani, hakuna ukuta wa matumbawe uliotobolewa na redio ya mzee wa jirani inabaki hai. Ila usinunue ile ya alumini iliyopakwa shaba, wanaiandika CCA. Kwangua ncha kwa wembe, ukiona nyeupe ndani rudisha.

Na kama jirani ni ofisi, umeshazungumza nao kistaarabu na hawasikii, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ndio wenye masafa ya nchi. Peleka maelezo: tarehe, saa, kilohezi, na rekodi ya sauti ukipita 6.9 kwenda 7.1. Rekodi hiyo inamwambia mtaalamu chanzo kabla hajafunga safari.

Haya, sabskraibu kama bado, Jumamosi tunapima kontrola tatu za sola kwa redio hiihii, na moja nahisi itatuaibisha. Sasa nanyamaza. Naacha adapta zimechomekwa na redio ikipanda polepole kutoka 6.8 mpaka 7.4, kwa anayetaka kulinganisha na kelele ya kwake.