Kamera ndogo ya kuyeyusha nyuma: ipi ununue, ipi uiwache

Kila Idi pale Mama Ngina, Mombasa, watu wajipanga bahari iko nyuma, na kila mtu ataka ile picha ya uso uko wazi halafu nyuma kumeyeyuka kama picha za maharusi. Simu yaweza kuigiza, lakini angalia vizuri pembeni mwa mtandio utaona imekata ovyo, na herini nusu imeenda na maji. Basi mtu ashuka Digo Road kutafuta kamera, muuzaji amwambia "hii ina megapikseli 20 boss" na yeye huyo atoa pesa. Megapikseli haihusiki na jambo hili hata kidogo, wallahi.

Kinachohusika ni upana wa tundu la lenzi. Soma maandishi yaliyozunguka lenzi, mfano 8.8-36.8mm 1:1.8-2.8, chukua milimita kubwa ugawanye kwa namba ya mwisho, yaani 36.8 kwa 2.8, wapata kama milimita 13. Hilo ndilo tundu lako ukivuta zumu mpaka mwisho, na ukimpiga mtu yuleyule kwa ukubwa uleule na vitu vya nyuma viko mbali sana, mwenye tundu kubwa ndiye ayeyushaye zaidi. Toa simu upige hesabu hapohapo dukani, usione haya.

Kwangu namba moja ni Canon G7X, ndiyo yenye hizo 13. Lenzi ni ileile tangu ile ya kwanza ya 2014, ikaja Mark II, mpaka Mark III ya 2019, kwa hivyo kama shida yako ni nyuma kuyeyuka tu usikubali kupandishiwa bei kwa jina la Mark III, ambayo ilipotoka ilikuwa dola 749 na saa hii wapenda video wameigombania bei imekuwa ya ajabu. Kisha ina kichujio cha kupunguza mwanga ndani, na hili ni kubwa kwa jua letu la saa saba mchana, manake ukifungua tundu lote bila hicho picha yaweza kutoka nyeupe kama shuka.

Mbili, Panasonic LX100, ya 2014 pia, tundu 12. Sensa yake, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni kubwa zaidi kwa hivyo jioni picha zatoka safi, ila skrini haigeuki, na flashi ni kidude cha kuchomeka juu, ukinunua mtumba ulizia kidude chenyewe kiko wapi.

Tatu mtanicheka. Canon SX740 HS, ile ya zumu 40. 172 gawanya kwa 6.9, tundu 25! Yashinda zote hapa, lakini yakutaka ukae mbali na mtu wako hatua ishirini na zaidi ndipo umpate kifua na uso, sasa kwa vichochoro vya Mji wa Kale utasimama ndani ya nyumba ya nani? Ufukweni asubuhi kuna mwanga na nafasi, yafaa sana. Jua likizama iweke mfukoni, itakutolea chengachenga.

Sony RX100 III na ZV-1 zina 9, si mbaya, na ZV-1 ina kitufe kabisa cha kuyeyusha nyuma kwa asiyetaka kusumbuka. RX100 VII yafika 16 lakini ilitoka kwa dola 1,200, na kwa pesa hiyo mimi ningetafuta sekondihendi ya kubadilisha lenzi nikaifunga lenzi ya 50mm ya f/1.8, yaani 50 kwa 1.8, hiyo ni tundu 28. Fujifilm X100VI ni nzuri jamani, tamu kuishika, lakini ilitoka kwa dola 1,599 kwa tundu la 11 na nusu, hiyo ni mapenzi.

Vile vidogo kama Sony W800, tundu halifiki hata 4. Labda upige kikuba kwa karibu.

Kabla hujatoa pesa mulika tochi ndani ya lenzi. Hewa yetu hii ya chumvi na unyevu yaleta kuvu, mimi niliwahi kuuziwa mbuzi kwenye gunia, nimefika nyumbani ndio naona nyuzi nyeupe kama za buibui. Washa uvute zumu mara kadhaa pia, ikikwaruza ni mchanga. Halafu mwambie muuzaji asimame mlangoni barabara iwe nyuma yake, weka A (kwa Canon ni Av), ile ya kujichagulia tundu mwenyewe, zumu mwisho, namba ya f ndogo kabisa ndiyo tundu kubwa, umsogelee. Usimpige ameegemea rafu ya bidhaa, kama wale wanaobandika mgongo kwenye ukuta wa Fort Jesus kisha walalamika kamera haiyeyushi.